Mnaoanza kazi viwandani, tunzeni karatasi zenu

Vijana mnaopanga foleni alfajiri kwenye mageti ya Enterprise Road na Lunga Lunga Road, nina jambo la kuwaambia. Nilikuwa msokotaji wa nyuzi katika kiwanda cha nguo hapa Industrial Area, Nairobi, mpaka kikafungwa. Sisi wa enzi zile bado tunakutana, mazishini na kwenye harusi za watoto, na mazungumzo hurudi palepale: nani alilipwa, nani hakulipwa.

Mara nyingi aliyelipwa ni aliyekuwa na karatasi. Kiwanda kikishawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa na madeni, ofisi hufungwa na mafaili yakiwa ndani. Ukienda kudai unaulizwa uliandikwa lini na mshahara wako wa msingi ulikuwa kiasi gani. Wengine walibaki na mashahidi tu, na mashahidi wenyewe walikuwa wadai.

Nyinyi mna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Inamtaka mwajiri akupe hati ya mshahara yenye makato yote, na ukiondoka akupe cheti cha kazi. Nafasi yako ikifutwa, unadai angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Hesabu hiyo yote inaanzia tarehe uliyoajiriwa, kwa hiyo barua ya kuajiriwa ipige picha, na nakala moja mwachie mtu nyumbani. Msikalie ahadi pia: baada ya miaka 3 mlango wa mahakama hufungwa. Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nendeni mkaulize kila mwaka. Kukatwa si kufikishiwa.

La pili ni ujuzi. Uzi ulipokatika hatukuzima mashine. Ulishika bobini kwa mkono mmoja, ukatafuta ncha, ukaipitisha kwenye kipete kidogo cha chuma, kisha ukaigusisha kwenye pamba inayotoka kwenye rola. Ikajiunga, huku bobini za jirani zikizunguka. Ufundi huo ulikuwa vidoleni, haukuandikwa popote, na kiwanda kilipofungwa tuliomba kazi kama watu wasiojua lolote. Fanyeni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, mkiwa bado kazini.

Wengi wanasema mitumba ndiyo iliyotumaliza. Nakubali kwa sehemu kubwa: soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, nguo kuukuu na vitambaa vya bei ya chini vilimiminika, na hata viwanda vya Kicomi, Kisumu, na Rivatex, Eldoret, vikaporomoka. Lakini tazameni kilichofuata. Sheria ya AGOA ya Marekani, mwaka 2000, iliyofungulia nguo za Afrika soko la huko bila ushuru, ilileta ajira za cherehani Athi River na Ruaraka, kwa vitambaa vilivyoagizwa kutoka nje. Mshonaji alipata kazi. Msokotaji na mfumaji waliachwa. Kwa hiyo saa ya chakula jipenyezeni idara ya jirani, mjue nayo inafanya nini.

Kwenye pamba, vaeni barakoa hata kama wakongwe wanawacheka. Vumbi lile huharibu mapafu polepole.

Na wewe wa kibarua cha siku, usidhani haya hayakuhusu. Ukifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, sheria haikuhesabu tena kama kibarua. Andika kila siku unayoingia kwenye daftari lako, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo usiufute.