Ukipangiwa meli yenye matanga mapya, nenda na akili ya jahazi

Mdogo wangu anayesomea ubaharia Mombasa kanitumia ujumbe wa sauti: kapata nafasi kwenye meli ya kichele, ile ya kubeba mizigo isiyofungashwa, yenye rota, yaani minara inayozungushwa na mota ili upepo uisukume meli. Aende, au asubiri meli ya kawaida? Nimemwambia aende, tena asichelewe. Naandika hapa niliyomweleza kwa sababu najua hayuko peke yake.

Nimekulia Lamu, kwenye jahazi la ami yangu. Kusi ikitupiga tezini, tunatweka tanga, na ami anaacha kusema na watu mpaka tufike, kwa raha aliyonayo. Basi nilipoingia meli yangu ya kwanza ya rota, tukitoka Richards Bay kwenda Oman, nilifika usawa wa pwani ya Kenya, kusi iko nyuma yetu noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), nikamwambia afisa wa zamu: sasa ndiyo wakati wake. Hakunijibu. Alinionyesha kipima upepo. Kilisoma 3.

Meli ilikuwa inakwenda noti 12. Upepo wa nyuma tulikuwa tunaukimbia, na uliobaki kutugusa ni ule wa 3 tu. Upepo huohuo wa 15 ungekuja ubavuni, ukajumlishwa na mwendo wetu, sitaha ingeuhisi kama 19, ukitokea mbele ya ubavu. Hapo rota inafanya kazi. Mota inazungusha mnara, upepo unaopita upande mmoja unaharakishwa na ule wa pili unazuiwa, na tofauti ya mgandamizo ndiyo inayoisukuma meli. Anton Flettner, Mjerumani, aliifunga minara ya namna hii kwenye Buckau mwaka 1924, na miaka miwili baadaye meli hiyo ikavuka Atlantiki.

Kwa hiyo kabla hujajifunza vitufe, jifunze kutofautisha upepo wa bahari na upepo wa sitaha. Nahodha wa jahazi anaujua, maana akibisha, yaani akienda dhidi ya upepo, huuhisi usoni. Waliokulia kwenye injini tupu wengi hawajawahi kuufikiria.

Utasikia watu wakisema kompyuta imemaliza kazi ya baharia. Kweli, kwenye Maltese Falcon, yati ya mita 88 iliyozinduliwa 2006, milingoti mitatu inajizungusha yenyewe na matanga 15 yanatoka ndani ya milingoti kwa kubonyeza tu. Hakuna anayepanda juu. Lakini nisikilize.

Meli yangu ya pili ilikuwa na rota za kulazwa bandarini ili zisizuie kreni. Usiku mmoja tunajiandaa kutoka, tumeziinua wima, taa zote za jopo la vidhibiti kijani. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitaha, Mfilipino mtu mzima, akachukua tochi akaenda hadi chini ya mnara. Pini moja ya kufungia ilikuwa imeingia nusu, kutu na chumvi vimeikaba. Taa ilikuwa inadanganya. Tungetoka vile, mawimbi yakaanza kuitikisa meli, sipendi hata kufikiria. Tangu usiku ule siamini taa mpaka nishike kwa mkono.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza mafunzo ya rota yanatolewa wapi na nani analipa. Uliza nani hasa ana jukumu la kuzikagua, maana watu wa sitaha na watu wa injini huachiana.

Mdogo wangu aliniuliza pia kama jambo hili litadumu. Swali zuri. Wajapani walitia matanga magumu kwenye meli ya Shin Aitoku Maru mwaka 1980, mafuta yakashuka bei katikati ya muongo, hamu ikaisha. Safari hii kuna sheria nyuma yake: tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya unatoza meli kubwa zinazoingia bandari zake kwa hewa ya ukaa zinayotoa. Na hesabu ipo. Meli ya Pyxis Ocean, iliyofungwa mbawa mbili za kushika upepo za mita 37.5 mwaka 2023, katika miezi sita ya majaribio iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Hakuna mwenye meli anayezitupa tani 3.

Anaondoka Jumamosi. Nimemwambia anunue daftari dogo, achore safu mbili, upepo wa bahari na upepo wa sitaha, azijaze kila zamu kwa macho yake kwanza, ndipo atazame kipimo.