Jeli ya aljineti inaganda ndani ya sindano, nifanyeje?

SWALI: Habari dokta. Nafanya projekti ya masters, jeli ya aljineti (ile sukari ndefu inayotoka kwenye mwani) ya kuchoma kwenye goti ili izibe gegedu lililolika. Nikichanganya na kalsiamu kloridi inaganda palepale, sindano inaziba au jeli inatoka mabongemabonge. Nitafute sindano nene zaidi? Na je, naweza kutumia mwani wa Zanzibar badala ya kununua aljineti?

JIBU: Salama mdogo wangu. Sindano haina kosa, iache. Kalsiamu kloridi inayeyuka yote kwa mpigo, kwahiyo aljineti ikiigusa tu inajifunga ngozi kwa nje na ndani kunabaki majimaji, ndo hayo mabonge, hata ulete sindano ya kudungia ng'ombe utatoa kitu kama uji uliosahauliwa kukorogwa.

Unachotaka ni kalsiamu inayotoka polepole. Chukua unga laini sana wa kalsiamu kaboneti, ule hauyeyuki kwenye maji hivihivi, ukoroge vizuri ndani ya aljineti (asilimia 2 inatosha kuanzia) afu mwisho kabisa ndo utie GDL (glukono-delta-laktoni). GDL ikikutana na maji inageuka asidi taratibu, asidi inayeyusha kaboneti, kalsiamu inatoka kila sehemu kwa pamoja na jeli inaganda sawasawa. Kila moli 1 ya kaboneti iende na moli 2 za GDL, yaani gramu 1 kwa gramu 3.56 hivi, ukizidisha GDL jeli inakuwa chachu na seli zinaumia. Na hiyo GDL uikoroge na maji dakika ileile unayoitumia, sio uitengeneze asubuhi uje kuitumia mchana, hapo itakuwa imeshageuka asidi na unarudi kwenye mabonge yaleyale. Joto nalo linaharakisha, kwahiyo kama labu yenu iko Dar na feni tu, pima muda wako mwenyewe, usikopi wa kwenye pepa la mtu aliyekaa kwenye AC.

Maji ya kuyeyushia aljineti je? Kama ni PBS (salaini yenye bafa ya fosfeti) achana nayo, fosfeti yake inakamata kalsiamu, tumia salaini ya 0.9% au HEPES, bafa isiyo na fosfeti.

Seli za gegedu zenyewe zinaipenda aljineti, humo zinabaki duara, wakati ukiziotesha kwenye plastiki zinajinyoosha na kuanza kuacha kutengeneza kolajeni ya aina ya 2, ile protini kuu ya gegedu. Shida ni nguvu. Ugumu wa jeli yako utapima kilopaskali tu wakati gegedu lenye afya linakaribia megapaskali (kilopaskali elfu moja), afu sodiamu iliyomo kwenye majimaji ya goti inaisukuma kalsiamu nje, jeli inalegea siku hadi siku, ndo maana wengi wanachanganya na hayaluroniki asidi (ule ute wa kwenye maungio) iliyobadilishwa kikemia ili nayo ijifunge, wanapata mtandao wa pili. Jiandae, kwenye difensi watakubana hapohapo.

Mwani sasa. Ule unaolimwa Zanzibar, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu, unatoa karajinani, sukari nyingine ya mwani inayogandisha, aljineti haimo. Karajinani ya kotonii wapo wanaoijaribu kwa gegedu, ila kumbuka kuna aina ya karajinani ambayo wafamasia wanawachoma nayo panya mguuni makusudi ili uvimbe, wajaribie dawa za uvimbe! Kwa goti bovu mi ningeogopa. Aljineti iko kwenye mwani wa kahawia, kama sagasamu ile inayotupwa ufukweni, unaweza kuikamua mwenyewe kwa majaribio ya kuganda tu. Ikifika kwenye seli au mnyama nunua iliyosafishwa endotoksini (sumu za bakteria), hapo usibane hela.