Alipewa afanye nini? Kwa vijana wapya mnaofuatilia mashamba ya mababu

Wiki iliyopita vijana wetu wawili walirudi kutoka upande wa Chamwino, hapa Dodoma, na maelezo ya mzee kuhusu shamba la ukoo. Mwandiko mzuri, ukurasa umejaa, na katikati kuna sentensi hii: "Marehemu babu alipewa eneo hilo zamani." Nilifunga jalada nikatoka nje kwanza. Wadogo zangu, nawapenda na kazi mnaiweza, lakini sentensi hiyo naijua. Niliiandika mimi kabla yenu, na watu waliumia.

1. Msiulize shamba ni la nani, maana kila mtu atasema ni lake. Ulizeni babu alifikaje pale: alifyeka pori, alirithi, alinunua, aliazimwa au aligawiwa na kijiji? Aliyefyeka pori alikuwa na majirani waliofyeka naye. Aliyegawiwa ana muhtasari wa kikao cha kijiji, au walau ana mtu aliyekaa kwenye kikao kile.

2. "Alipewa" si jibu. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, kijana mmoja alitaka hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba la babu yake. Nikaenda kwa mzee mkubwa wa ukoo, nikamwamkia, nikauliza: "Babu, mzee alilipataje shamba hili?" Akasema, "Alipewa." Nikaandika, nikamsomea, akaweka dole gumba. Nilikaa pale chini ya nusu saa. Kijana akauza ndama wawili kwa ajili ya gharama.

Shauri lilipofika Baraza la Kata, akasimama bibi wa boma la jirani. Akaeleza kwamba baba wa mzee wetu alirudi kutoka kuhemea baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, ana mke na watoto wawili, hana hata mbuzi. Baba yake bibi akamkatia kipande alime mpaka akae sawa, na kila mavuno alikuwa akileta uwele wa kwanza kama heshima. Watoto wake waliendelea kuuleta miaka mingi. Mzee wetu akaitwa, akaulizwa kama ni kweli. Akanigeukia mimi, si baraza: "Mjukuu wangu, alipewa alime. Hukuniuliza alipewa afanye nini."

Hakuwa amedanganya. Mimi ndiye niliyelikata neno lake katikati. Na sheria yetu iko wazi kwamba aliyekaribishwa kulima hageuki mwenye shamba kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Kijana alishindwa, na kushindwa kwake hakukuwa kubaya kuliko kilichofuata. Maboma yale mawili yalikuwa yamezikana tangu enzi za mababu. Mzee alipofariki, kutoka boma la bibi hakuja mtu hata mmoja msibani. Mimi nilikwenda. Niliiona ile sehemu ya mkeka iliyobaki wazi, na sijaisahau mpaka leo.

Kwa hiyo mkisikia "alipewa", endeleeni: na nani, mbele ya nani, alitoa nini, na apewe alime, ajenge au azike? Wa kuazimwa kwa kawaida haruhusiwi kupanda miti ya kudumu. Tazameni kama kuna mwembe wake.

3. Wazee hawahesabu kwa kalenda, nanyi msiwalazimishe. Mtunya ni njaa ya 1917 hadi 1920. Karanga za Kongwa, ule mradi wa Waingereza, zilianza 1947. Muulizeni mzee kama baba yake alikuwa ameshaoa karanga zilipoanza, mtapata mwaka bila kumchosha.

4. Msiandike "wakati wa Vijiji" mkaishia hapo. Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilianza 1971, watu wakatolewa kwenye maboma yaliyotawanyika, na wengine wakawekwa juu ya mashamba ya wenzao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imethibitisha ugawaji wa operesheni uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Mwaka mmoja nje ya hapo na shauri linabadilika kabisa. Nimeona familia ikibishana miezi minne kuhusu mpaka, kumbe swali lilikuwa kama walihamia kabla au baada ya mtoto wa tatu kuzaliwa, na cheti cha ubatizo cha mtoto huyo kilikuwa sandukuni muda wote.

5. Shamba likiwa ndani ya eneo la iliyokuwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, anzeni na jalada la fidia. Mamlaka ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, kwa hiyo ulizeni huko kama kuna aliyelipwa na alisaini kwa jina la nani.

6. Makaburi yapigeni picha na muandike nani kalala wapi. Tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, likianguka hubaki tuta la udongo. Mwambieni mwenyeji awaoneshe.

7. Na kina bibi, jamani. Mnakaa na wanaume chini ya mbuyu, halafu mnaaga. Mabinti walioolewa mbali wanakumbuka shamba la baba yao lilivyokuwa siku walipoondoka, na mara nyingi hawagombanii kitu. Yule bibi wa barazani alikuwa akiishi hatua mia mbili kutoka nilipokalia kigoda na daftari langu.

Kesho mnaokwenda Bahi, muwe njiani kabla ya saa kumi na mbili. Jua likishakuwa kali wazee huingia ndani, na huyo wa Chamwino mtamrudia Alhamisi. Mwulizeni tena, taratibu.