Kifaa cha Baiskeli Kilichotumika Kianze Kazini Kabla ya Kwenda Safari

Anayeendesha baiskeli kila siku, na mara mojamoja akafunga mizigo kwenda safari ya siku kadhaa, hachelewi kugundua kwamba vifaa vipya vya daraja la juu ni ghali, na kwamba wapenzi wenzake wa baiskeli wana vifaa vizuri vilivyolala stoo bila kazi. Nimenunua, nimeuza na nimebadilishana vifaa vya aina hiyo kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya baiskeli ninayosafiria imejengwa kwa vipande vilivyotoka mikononi mwa watu wengine. Kanuni ninayoifuata ni moja: kifaa kilichotumika hakiendi safari ndefu kabla hakijanipeleka kazini na kunirudisha kwa muda wa kutosha, katika mvua na katika vumbi, mahali ambapo kikiharibika nitaikokota baiskeli hadi nyumbani na mambo yakaishia hapo. Kila ninachoshauri hapa kinatokana na kanuni hiyo.

Kabla ya kuulizia bei, ulizia vipimo. Vifaa vingi hununuliwa kwa macho, kisha vikakataa kuingia kwenye fremu. Bomba la siti lenye kipenyo cha milimita 27.0 litaingia kwenye fremu inayotaka 27.2, lakini litateleza kila ukikalia siti, na ukikaza klempu kwa nguvu utaipinda fremu. Usukani wenye kiini cha milimita 25.4 haukai sawasawa kwenye shingo iliyotengenezwa kwa 26.0, ingawa kwa macho ni vigumu kuitofautisha miwili hiyo. Nafasi ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye fremu za barabarani za zamani ni milimita 126, baadaye ikawa 130, na baiskeli nyingi za milimani na za safari zinatumia 135. Nunua vernia, kipimo chenye taya cha kupimia vipenyo, hata ya plastiki inatosha kwa kazi hii, na usione haya kuitoa mbele ya muuzaji.

Matairi yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu majina yake ya zamani yanapotosha. Tairi linaloitwa inchi 26 linaweza kuwa la rimu ya milimita 559, kama zilivyo baiskeli nyingi za milimani za zamani, au la milimita 590, na hayo mawili hayabadilishani kamwe. Tairi la inchi 28 linaweza kuwa la 622 au la 635, ilhali lile linaloitwa inchi 29 ni 622 vilevile. Puuza inchi na usome namba mbili zenye kistari kati yake ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-622: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, na yote ni kwa milimita.

Baada ya vipimo ndipo unapochunguza uchakavu, na hapa mnyororo ndio unaosema ukweli mwingi kuliko kifaa kingine chochote. Pini mbili zinazofuatana katika mnyororo mpya ziko umbali wa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Weka rula ya chuma juu ya mnyororo uliokazwa, anzia katikati ya pini moja na uhesabu nafasi 24. Katikati ya pini ya mwisho inapaswa kusoma milimita 304.8. Ikisoma karibu 306.3, mnyororo umerefuka kwa asilimia 0.5, na kwa mfumo wa gia 11 au 12 za nyuma huo ni wakati wa kuubadilisha. Kwa mifumo ya gia 8 hadi 10 wengi hungoja asilimia 0.75. Ukifika asilimia 1, takriban milimita 307.8, basi hesabu kwamba na meno ya gia za nyuma yameliwa pamoja nao, hivyo mnyororo mpya utaruka juu ya meno hayo kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Kwa sababu hiyo, ninaponunua baiskeli nzima, mnyororo ndio ninaoupima kwanza: mwenye baiskeli aliyeubadilisha kwa wakati huwa pia ametia grisi kwenye habu na kukaza spoki.

Gurudumu lisipimwe kwa kulizungusha hewani na kutazama kama linayumba, maana hilo fundi atalirekebisha kwa muda mfupi. Litoe kwenye fremu, shika ncha za ekseli kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha uizungushe polepole sana. Habu isiyo na kasoro huenda laini kama imepakwa mafuta mazito. Ukihisi michubuko midogo, kama punje za mchanga zinazosagwa, gololi au njia zake zimeanza kuliwa. Na ukihisi ekseli inasimama mahali palepale katika kila mzunguko, njia za gololi zina mashimo, na kutia grisi mpya hakutazirudisha. Kisha bana spoki mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Zile za upande wa kulia wa gurudumu la nyuma zitakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa gia hulazimisha gurudumu kuvutwa upande huo, na ndizo zinazovunjika mara nyingi chini ya mizigo. Kinachotakiwa ni kwamba spoki za upande mmoja zilingane zenyewe kwa zenyewe.

Kwa breki zinazobana rimu, simamisha rula kwa ukingo wake juu ya uso wa rimu pale mpira wa breki unapogusa. Ukiona mwanga katikati, rimu imeliwa ikawa na bonde, na rimu ya namna hiyo hupasuka tairi likiwa limejazwa upepo sana au ukishuka mteremko mrefu kwa breki za moto. Rimu nyingi zina mfereji mwembamba au vitone vilivyochongwa kwenye uso huo. Vikishafutika, rimu imekwisha. Kwa breki za diski, sahani nyingi za Shimano huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya na hazipaswi kutumika zikipungua chini ya 1.5.

Fremu ya chuma cha kawaida ndiyo ninayoipendelea kwa mtu anayenunua kitu kilichotumika, kwa kuwa mara nyingi hutoa dalili kabla ya kukatika: rangi huvimba, kutu huchungulia, mstari mwembamba huonekana karibu na maungio. Tena fundi wa kulehemu anaweza kuiokoa njiani. Alumini nayo ni nzuri, lakini nyufa zake zitafutwe kwa tochi chini ya shingo na mahali gamba la pedali, yaani mrija mfupi unaopitisha ekseli ya pedali, linapokutana na mirija mingine. Hakikisha bomba la siti linatoka, kwani bomba la alumini likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi huungana nayo kwa kutu, na kulitoa ni kazi inayoweza kuiharibu fremu yenyewe. Pindua baiskeli pia usome namba iliyogongwa chini, kwenye gamba la pedali. Ikiwa imekwanguliwa, au muuzaji hawezi kueleza aliipataje baiskeli, achana nayo hata kama bei inakuvutia. Kila baiskeli ya wizi inayopata mnunuzi inamwita mwizi arudi kwa jirani yako.

Viko vitu ambavyo sinunui vikiwa vimetumika kabisa. Helmeti ni kimoja, kwa sababu povu lake hufanya kazi kwa kubonyea mara moja, na kubonyea huko huweza kujificha chini ya ganda lisilo na alama. Uma wa nyuzi za kaboni, yaani ule unaoshika gurudumu la mbele, wenye historia isiyojulikana ni kingine, kwani ufa wa ndani hauonekani, na uma ukikatika dereva huanguka kwa uso. Kwa upande mwingine, mabegi ya pembeni, keria za chuma, madigadi na siti za ngozi ni ununuzi mzuri sana. Begi lisilopitisha maji lipime kwa kuwasha tochi ndani yake kwenye chumba chenye giza. Kila tundu litajionyesha kama nyota. Keria ichunguzwe kwenye vishikizo vya chini, karibu na ekseli, kwa kuwa ndipo uzito wote unapogonga kila gurudumu linapoingia shimoni.

Kifaa kikishafungwa, kazi ya kila siku ndiyo mtihani wake. Mimi hupenda kwenda kazini na mabegi yaliyojazwa karibu uzito uleule nitakaosafiri nao, kwa sababu baiskeli tupu haisemi chochote kuhusu baiskeli yenye mzigo. Baada ya siku chache bolti za keria zitalegea, na utajua ni zipi zinazohitaji gundi ya kuzuia bolti kulegea au washa ya kukazia. Spoki dhaifu itavunjika wiki hizo, si mbali na makazi. Spoki moja ikivunjika huweza kuwa bahati mbaya. Ikivunjika ya pili upande uleule, chukulia kwamba zote zimechoka na gurudumu lisukwe upya. Ukishuka mteremko na usukani ukaanza kutetemeka, shusha vitu vizito chini, visogeze karibu na ekseli, na ugawe sehemu ya mzigo mbele. Mara nyingi ugonjwa ni mpangilio wa mizigo na si fremu.

Katika mwendo huohuo wa kila siku utajifunza gia unazozihitaji, na hili ndilo linaloamua njia unazoweza kupita. Baiskeli ya mashindano ya zamani yenye meno 39 mbele na 25 nyuma husogea takriban mita 3.3 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 12 kwa saa, mwendo ambao mtu mwenye mizigo hawezi kuudumisha kwenye mlima mkali. Ukiwa na meno 26 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja ni kama mita 1.6, na kwa kuzungusha vilevile utapanda kwa karibu kilomita 6 kwa saa ukiwa umeketi na magoti yako salama. Katika soko la vifaa vilivyotumika, krenki, yaani mikono ya pedali pamoja na gia zake za mbele, yenye visahani vitatu iliyopitwa na mitindo ndiyo mali ninayoitafuta kwa bidii zaidi, maana wengi huitoa kwa bei ndogo ilhali kwa msafiri haijapoteza thamani yoyote.

Unapochora njia, usihesabu kilomita peke yake. Chukua dereva, baiskeli na mizigo vyenye jumla ya kilo 100: kuvipandisha mita 1,000 kunahitaji karibu kilojuli 980, na mtu anayetoa wati 100 kwa mfululizo atatumia zaidi ya saa mbili na nusu kwa kupanda huko tu, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Siku ya kilomita 60 yenye kupanda kiasi hicho ni nzito kuliko siku ya kilomita 80 za tambarare. Ndiyo sababu njia zinazoandama mito hupendwa na wanaoanza. EuroVelo 6, inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, hufuata Loire na Danube kwa sehemu kubwa, na bonde la mto mkubwa huteremka taratibu. Njia ya TransAmerica nchini Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1976, inafika zaidi ya mita 3,500 kwenye Hoosier Pass, lakini wengi walioipita hulalamikia zaidi vilima vifupi vyenye miinuko mikali vya upande wa mashariki. Urefu wa mlima husumbua kidogo. Ukali wake ndio unaovunja spoki na magoti, kwa hiyo soma ramani yenye mistari ya mwinuko na ujiulize gia yako ya chini kabisa inakuruhusu nini.

Kuhusu kuuza, ninaandika yale ambayo ningependa kuulizwa: vipimo kamili, kifaa kilifanya kazi gani, kilikaa nje au ndani, na kasoro zake zote. Napiga picha upande uliochakaa kwanza, nikiweka rula ndani ya picha. Nati, washa na vipande vidogo navifunga kwa waya mwembamba kwenye kifaa chenyewe, kwa kuwa kipande kimoja kikipotea huweza kuwa hakitengenezwi tena. Na kifaa ambacho mimi mwenyewe nisingekiamini safarini sikiuzi kwa msafiri. Gurudumu lililokwisha kuvunja spoki ya pili nalitangaza kuwa la matumizi ya mwendo mfupi, lisilofaa mizigo, na sababu yake ninaieleza waziwazi. Bei hushuka, lakini mtu anayekwenda kazini kilomita chache kila siku, na yuko tayari kulisuka upya siku moja, hupata habu nzuri kwa fedha kidogo.