Jibu: Kwa nini "kick the bucket" haimaanishi kupiga ndoo teke?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kamusi inakupa maana ya kila neno na bado sentensi haieleweki. Hiyo ni nahau, na nahau hubebwa nzima nzima. Hata sisi tukisema mzee fulani amekula chumvi nyingi, hakuna anayefikiria chakula.

"Kick the bucket" ni kufa, ila ni lugha ya utani. Usije ukaitumia kwa mfiwa, utamuumiza bure. Kwake sema "passed away", sawa na "ameaga dunia". Pia haigeuziki: ukisema "the bucket was kicked", ndoo ilipigwa teke, kifo kinapotea, inabaki ndoo tu.

Ninayoipenda zaidi ni "spill the beans", kumwaga maharage, yaani kutoboa siri. Sisi tunamwaga mtama kwenye kuku wengi! Picha karibu ni ileile. Lakini angalia: ukimwaga unga, umefukuzwa kazi. Nafaka ikishasagwa tu, maana imehama kabisa. Ndiyo maana nakusihi usikisie nahau kwa kufuata picha yake.

"Raining cats and dogs", yaani kunyesha paka na mbwa, ni mvua kubwa; ielewe ukiisoma, lakini katika mazungumzo wengi husema tu "it's pouring", mvua inamwagika.

Mimi huandika kila nahau ndani ya sentensi nzima niliyoikuta, pamoja na nani alimwambia nani. "Break a leg", vunja mguu, kwa mfano, anaambiwa mtu anayekaribia kupanda jukwaani, kumtakia heri. Ukiiandika peke yake daftarini, utadhani ni laana.