Gome Lisipobanduka, Usilibandue

Nyinyi mnaoingia msitu wa Budongo, Uganda, kutafuta mbawakawa wa familia ya Cerylonidae, panga liacheni kambini. Mimi nilianza nalo. Siku ya kwanza nilikata magome ya mti ulioanguka juzi tu, mabichi, yanayong'ang'ania, nikaambulia watoboaji na jasho.

Cerylonidae hawatoboi mti. Wengi wao hula kuvu, na kuvu huchukua muda kuenea chini ya gome. Tafuta gogo la muhimbi au la mti wowote ambalo gome lake linainuka kwa kidole, na ndani yake mna unyevu, nyuzi nyeupe na harufu ya uyoga. Gome likikauka kabisa na kupasuka lenyewe, lipite, wenyeji wamekwisha hama. Wapo pia kwenye majani yanayooza chini.

Kuwaona ndiyo kazi. Wengi wana milimita 1 hadi 3, rangi ya hudhurungi, na ukimgusa hukunja miguu na vipapasio akawa kama chembe ya udongo. Kung'uta gome juu ya kitambaa cheupe, kisha tulia. Dakika mbili, tatu. Chembe itakayoanza kutembea, iokote kwa brashi iliyoloweshwa. Kibano kinawavunja, nimevunja wengi kabla ya kukubali. Kwenye kioo cha kukuza, tazama ncha ya kipapasio: imevimba kama rungu.

Wakulima wa Masindi wakiona vichupa vyako watauliza kama huyo ndiye anayekausha kahawa yao. Usiwajibu kwa Kilatini. Waambie mtoboa matawi ya kahawa, Xylosandrus compactus, aliyeripotiwa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, mwaka 1993, huingia kwenye tawi lililo hai na kuotesha kuvu yake humo humo ndani ya tundu, watoto wake waile. Yule ni mkulima mwenzao, wa kwetu ni mwokotaji tu. Kisha waonyeshe namna ya kutafuta kitundu upande wa chini wa tawi linalonyauka. Hilo litawafaa kuliko hotuba yako.

Kuhifadhi: spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Kuna mwenzetu alijaribu waragi, pombe kali ya Uganda yenye asilimia 40 hivi, na baada ya wiki chache kichupa kilinuka kuliko mnyweshaji wake. Karatasi ya mahali, tarehe na aina ya mti iandike kwa penseli, uitie ndani ya kichupa. Mimi niliandika kwa kalamu ya wino. Wino uliyeyuka, na kazi ya wiki tatu ikabaki wadudu wasio na kwao.

Kibali cha msitu kitafuteni mapema, na kabla ya kupiga magoti angalieni siafu. Gome lirudisheni lilivyokuwa, kwa sababu mwezi ujao na mimi nitapita kwenye gogo hilo hilo.