Tulivyoivuka dhoruba ya theluji Buffalo na watoto

Dada, umeuliza tuliivukaje ile dhoruba ya Buffalo, mji wa jimbo la New York, Marekani, Desemba 2022, tukiwa na watoto. Ndugu ndio waliotuvusha. Umeme ulikatika Ijumaa tarehe 23, na kwa upepo ule hata nyumba ya jirani haikuonekana. Shemeji, anayekaa nyumba ya tatu, bado alikuwa na umeme. Alikuja na kamba, tukaishika sote, mtoto mgongoni, tukaenda kwake. Tulilala watu kumi na mmoja sebuleni, tukila ugali na maharage.

Tafadhali, usiwashe jiko la mkaa ndani! Hewa yake ya sumu haina harufu. Na usitoke na gari. Waliokufa walizidi 40, wengine wakiwa wamekwama garini.